Tumboni mwa Jirani: Uhuru wa Lesotho na Maoni ya Wenyewe

Hebu fungueni atlasi zenu kwenye ramani ya Afrika Kusini. Ndani kabisa, upande wa mashariki, mtaona kitu kama tundu katika shuka. Tundu hilo ni nchi. Ina bendera yake, mfalme wake na bunge lake, na jina lake ni Lesotho, ambalo wenyewe hulitamka "Lesutu". Eneo lake ni kilomita mraba 30,355, na sensa ya mwaka 2016 ilihesabu watu milioni mbili na ushei.

Nchi zisizo na bahari tunazijua. Uganda haina, Rwanda haina. Lakini hao wana majirani kadhaa. Wakikosana na mmoja, bidhaa zao zitapitia kwa mwingine. Lesotho ina jirani mmoja tu. Ukitoka huko kwa miguu, kwa gari au juu ya farasi, utaingia Afrika Kusini utake usitake. Hata ukipanda ndege utapita juu ya Afrika Kusini.

Mwezi wa Machi mwaka 2025, Rais Donald Trump wa Marekani aliliambia bunge lao kwamba Lesotho ni nchi ambayo hakuna mtu aliyepata kuisikia. Watu wakacheka. Sisi wa Chama cha Kiswahili hatuna ruhusa ya kucheka, maana lugha ya huko ni ndugu wa damu wa lugha yetu. Mtu kwao ni motho, watu ni batho. Mwenyeji mmoja ni Mosotho, wakiwa wengi ni Basotho, lugha yao ni Sesotho. Hiyo mo- na ba- yao ndiyo m- na wa- yetu, na se- yao inakaa mahali pa ki- yetu. Usiku wao ni bosiu, na mvua ni pula. Hata wito wa taifa lao, Khotso, Pula, Nala, maana yake ni amani, mvua na neema. Nchi inayoiweka mvua katika wito wake, mtu wa kwetu huku ataielewa haraka sana.

Sasa swali lililonifanya niandike. Nchi ndogo hivi, iliyo tumboni mwa nchi kubwa hivi, ilipataje kuwa huru? Na je, wenyewe wanautaka uhuru huo, au ni mambo ya viongozi tu?

Habari yenyewe inaanza kabla ya Mwingereza. Inaanza na Moshoeshoe, aliyezaliwa Menkhoaneng mwaka 1786 hivi. Inasemekana jina lake ni sauti ya wembe unaponyoa: shwe, shwe! Ati alipokuwa kijana alimwibia chifu mmoja ng'ombe, kisha akajisifu kwamba amemnyoa ndevu zote. (Hiyo ni tanakali ya sauti. Mwalimu wa fasihi simulizi, naomba maksi.) Katika miaka ya 1820 sehemu zile zilivurugwa na vita na njaa, watu wakawa wanakimbia huku na huku bila kwao. Mwaka 1824 Moshoeshoe aliwahamishia watu wake Thaba Bosiu, yaani Mlima wa Usiku. Mlima huo juu ni tambarare, una chemchemi za maji, na kando zake ni majabali matupu. Adui akitaka kupanda, wewe unamwangushia mawe tu.

Kila aliyekimbia alipokewa huko. Husimuliwa kwamba hata wale waliokuwa wamemla babu yake, Peete, wakati wa njaa, walipokamatwa na kuletwa mbele yake alikataa wasiuawe. Alisema matumbo yao ndiyo kaburi la babu yake, na kaburi la mzee halichafuliwi. Akawapa mahali pa kukaa. Ndiyo maana mimi huona Basotho si kabila la ukoo mmoja. Walikuwa wakimbizi wa koo nyingi waliokubali kuitwa jina moja. Mwaka 1833 wakaja pia wamisheni kutoka Ufaransa, akina Casalis na Arbousset, na Moshoeshoe akawatumia kama makarani wake wa kuandikia barua Wazungu wengine.

Alizihitaji sana barua hizo, kwani Makaburu walikuwa wanakuja na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe. Waliunda dola yao ya Orange Free State mwaka 1854 na kuanza kuitaka ardhi nzuri ya mahindi iliyokuwa ya Basotho. Walipigana mwaka 1858, Basotho wakasimama imara. Wakapigana tena kuanzia 1865. Makaburu walishindwa kuupanda Thaba Bosiu, lakini walichoma mashamba na kuchukua mifugo mpaka watu wakafa njaa. Mzee akaona hapa nitamalizwa. Akamwomba Malkia Victoria amchukue. Husemekana aliomba watu wake wahesabiwe kuwa chawa ndani ya blanketi la Malkia. Ukijua jinsi Basotho wanavyothamini blanketi (huko milimani kuna theluji, na blanketi ni vazi la heshima, kwenye harusi na matanga halikosi) utaona kwamba maneno hayo si ya kujidharau. Chawa aliye ndani ya blanketi la tajiri hapati baridi.

Tarehe 12 Machi 1868 Gavana Philip Wodehouse akatangaza kwamba Basotho ni raia wa Uingereza. Mwaka uliofuata mpaka ulichorwa, na ardhi yote nzuri iliyokuwa magharibi ya mto Mohokare, ambao Wazungu waliuita Caledon, ikabaki mikononi mwa Makaburu. Kwa hiyo nchi ilipona, lakini ilipona ikiwa imekatwa mkono wa kulia. Moshoeshoe alikufa tarehe 11 Machi 1870, na siku hiyo hadi leo ni sikukuu ya taifa.

Hapa ndipo panaponipendeza zaidi katika historia hii yote. Mwaka 1871, yaani mwaka mmoja tu baada ya mzee kufa, Waingereza waliwakabidhi Basotho kwa koloni la Cape bila kuwauliza. Cape ikataka kuwanyang'anya bunduki. Sasa bunduki zile vijana walikuwa wamezinunua kwa jasho lao, kwa mishahara ya migodi ya almasi kule Kimberley. Wakakataa. Ikazuka Vita vya Bunduki vya 1880 na 1881, na serikali ya Cape ikashindwa kuwaweza. Mwishowe, mwaka 1884, Cape ikachoka, ikawarudisha kwa London. Yaani hawa watu walipigana vita ili watawaliwe na mkoloni wa mbali badala ya mkoloni wa karibu! Wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili, na nadhani walikuwa wanawazungumzia Basotho.

Jirani hakukata tamaa. Sheria iliyounda Muungano wa Afrika Kusini, ya mwaka 1909, iliacha mlango wazi wa kuziingiza Basutoland (ndilo jina la wakati huo), Bechuanaland na Swaziland siku za mbele. Basi kila waziri mkuu wa Afrika Kusini, tangu Hertzog hadi Malan, alikuja na ombi lile lile kwa Waingereza: tupeni. Na kila mara machifu na wananchi wa Basutoland walituma barua na wajumbe kusema hatutaki. Haya ndiyo yalikuwa maoni ya umma ya wakati huo, ingawa hakuna aliyeyapigia kura.

Je, walikosea? Kuna namna rahisi ya kujua, nayo ni kutazama ng'ambo ya milima. Upande wa Afrika Kusini wako Basotho wengi kuliko walio Lesotho kwenyewe. Sensa ya huko ya 2011 ilihesabu zaidi ya milioni 3 ambao lugha yao ya kwanza ni Sesotho. Lugha moja, mababu wale wale. Wakati wa ubaguzi wa rangi serikali ya Makaburu iliwatengea kipande kidogo cha milima kiitwacho QwaQwa, ikakiita nchi yao, na mwaka 1974 ikakipa ati serikali ya ndani. Watu waliondolewa mashambani na mijini wakasukumwa humo, wakajaa mpaka pakakosa pa kulima. Kutoka humo ilibidi uwe na pasi mfukoni, kama kile kipande walichovalishwa shingoni wazee wetu wakati wa mkoloni. Kama yale maombi ya Hertzog na Malan yangekubaliwa, Lesotho yote ingekuwa QwaQwa nyingine. Wanaosema uhuru wa nchi ndogo ni wa bendera tu, kwanza wanijibu hilo.

Siasa za vyama nitazipitia kwa haraka, maana ni ndefu. Mwaka 1952 mwalimu mmoja aliyesoma Fort Hare, Ntsu Mokhehle, alianzisha chama ambacho baadaye kiliitwa Basutoland Congress Party, BCP. Alikuwa mkali kwa mkoloni na kwa Makaburu pia. Mwaka 1958 Leabua Jonathan, chifu na kitukuu cha Moshoeshoe, akaanzisha chama cha BNP, kilichopendwa na machifu wadogo na Wakatoliki. Uchaguzi ulifanyika Aprili 1965, wanaume wengi wakiwa migodini Afrika Kusini. BNP ilipata viti 31 kati ya 60, BCP 25, na chama cha wafuasi wa mfalme 4. Jonathan mwenyewe alianguka katika eneo lake! Ikabidi apewe nafasi katika uchaguzi mdogo, na serikali ya Verwoerd ikamsaidia kwa magunia 100,000 ya nafaka ayagawe. Kumbe hii tabia ya kugawa unga wakati wa kura si yetu peke yetu.

Uhuru ukaja tarehe 4 Oktoba 1966, siku nne tu baada ya Botswana. Nchi ikachukua jina la Lesotho, na Moshoeshoe wa Pili akawa mfalme. Katika bendera wakaweka kofia yao ya majani iliyochongoka kama mlima, mokorotlo, na katika bendera mpya ya mwaka 2006 kofia hiyo imo bado.

Kikulacho ki nguoni mwako. Januari 1970 wananchi walipiga kura tena, na safari hii BCP ilishinda kwa viti 36 dhidi ya 23 vya BNP. Jonathan hakukubali. Akatangaza hali ya hatari, akafunga wapinzani, mfalme akapelekwa uhamishoni kwa muda. Basotho hawakupata uchaguzi mwingine wa kweli hadi 1993, yaani miaka 23. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 1970 alikuwa mtu mzima kabla ya kuona sanduku la kura. Kwa hiyo unapouliza "wananchi waliuonaje uhuru wao?", jibu la sehemu kubwa ya kipindi hiki ni kwamba hakuna aliyewauliza.

Jambo la ajabu ni kwamba Jonathan huyo huyo wa magunia baadaye aliwageuka Makaburu, akawapa hifadhi wakimbizi wa ANC. Alilipa ghali. Tarehe 9 Desemba 1982 wanajeshi wa Afrika Kusini walivuka mpaka usiku wakaua watu 42 mjini Maseru, 30 wakiwa wakimbizi wa kutoka Afrika Kusini na 12 wenyeji. Januari 1986 Afrika Kusini ilifunga mipaka. Hapo ndipo unajua maana ya kuwa na jirani mmoja: mafuta yakakatika, vyakula vikaadimika, na kabla mwezi haujaisha wanajeshi wa Lesotho chini ya Justin Lekhanya walikuwa wamempindua Jonathan. Miezi tisa baadaye serikali hiyo ya kijeshi ilitia sahihi mkataba wa maji na Pretoria. Maji ya milima ya Lesotho yangezibwa na kupelekwa eneo la Johannesburg, na Lesotho ingelipwa. Bwawa la Katse, lenye ukuta wa urefu wa mita 185 kwenda juu, lilijengwa kwa mkataba huo, na maji yakaanza kuvuka mwaka 1998. Fedha zenyewe zinasaidia hadi leo, sikatai. Lakini mkataba mkubwa kuliko yote katika historia yao ulitiwa sahihi na watu ambao hakuna raia aliyewachagua.

Halafu mwaka 1994 ubaguzi wa rangi ukaanguka, Mandela akawa rais, na swali la zamani likafufuka likiwa na sura mpya. Kwa miaka mia moja jibu lilikuwa rahisi: hatujiungi, kwa sababu huko mtu mweusi si mtu. Sasa huko mtu mweusi ni rais. Tena Basotho wenyewe waliofanya kazi migodini waliruhusiwa kupiga kura katika uchaguzi ule wa 1994, na mwaka uliofuata wachimba migodi wa muda mrefu wakapewa nafasi ya kuwa wakazi wa kudumu wa Afrika Kusini. Wengi waliichukua nafasi hiyo. Wengi pia hawakuichukua. Wakataka mshahara wa kule na nyumba ya kwao. Mimi naona hiyo ndiyo kura ya maoni ya kweli iliyowahi kupigwa, na matokeo yake yalikuwa nusu kwa nusu moyoni mwa mtu mmoja.

Nyumbani mambo hayakuwa shwari. Mwaka 1993 BCP ya mzee Mokhehle ilichukua viti vyote 65. Mwaka 1998 chama cha LCD, kilichozaliwa humo humo, kikachukua viti 79 kati ya 80 ingawa kura zake zilikuwa asilimia 60 hivi. Hebu fikiria: watu wanne kati ya kumi wamepigia kura vyama vingine, lakini bungeni wamebaki na kiti kimoja. Fujo zikazuka, na Septemba mwaka huo majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia. Katikati ya mji wa Maseru pakateketea. Utafiti wa Afrobarometer wa mwaka 2000 ulikuta kwamba chini ya nusu ya Basotho walisema demokrasia ni bora kuliko utawala mwingine wowote. Sishangai hata kidogo. Baadaye walibadilisha namna ya kugawa viti, vyama vidogo vikapata nafasi, ila katika uchaguzi wa 2022 waliojitokeza kupiga kura walikuwa chini ya asilimia 40 ya walioandikishwa.

Wakati huohuo kazi za migodini zilikuwa zinaisha. Mnamo 1990 Basotho zaidi ya 100,000 walikuwa wakichimba madini Afrika Kusini. Miaka 20 baadaye walikuwa wamebaki chini ya nusu. Ukimwi nao ukaacha mayatima wengi. Hebu tuchukue bibi wawili, ndugu, mmoja huku na mmoja ng'ambo ya mto. Lesotho ilianza kuwalipa wazee pensheni mwaka 2004, na ili uipate ilibidi uwe umefikisha miaka 70. Ilikuwa maloti 150 kwa mwezi. Yule bibi wa ng'ambo alianza kulipwa na serikali ya Afrika Kusini akiwa na miaka 60, na hela zake zilikuwa mara kadhaa ya hizo. (Loti moja ni sawa na randi moja, kwa hiyo hesabu haihitaji kikokotoo.) Ukimwambia bibi wa kwanza kwamba yeye ana bendera, atakuuliza inapikwaje.

Basi mwaka 2010 watu wapatao 30,000 walitia sahihi ombi la kutaka Lesotho iunganishwe na Afrika Kusini, wakalipeleka bungeni. Walisema wamechoka na foleni za mpakani, pasipoti, na viongozi wanaogombania nchi isiyo na kitu. Gazeti likiandika "30,000" linatisha, lakini nilipiga hesabu: kati ya watu milioni mbili, ni mtu mmoja na nusu katika kila mia. Kwa upande mwingine, mtu wa kijijini asiye na nauli ya kufika mahali pa kutia sahihi hakuhesabiwa. Kura ya maoni yenyewe juu ya jambo hilo haijawahi kufanywa.

Na msidhani wote wanavuta upande huo. Machi 2023 mbunge mmoja, Tshepo Lipholo, alipeleka bungeni hoja ya kinyume kabisa: kwamba Afrika Kusini ndiyo irudishe ardhi iliyochukuliwa wakati wa Makaburu, jimbo zima la Free State pamoja na vipande vya majimbo mengine. Bunge likaijadili kwa uzito. Kwa hiyo katika nchi hiyo moja kuna wanaotaka kumezwa na kuna wanaotaka kutapikiwa, na wote wanautazama mto Mohokare, mmoja akiuona kama ukuta unaomzuia kazi, mwingine kama jeraha la 1869.

Mimi naegemea upande wa kutojiunga, lakini sipendi sababu inayotolewa na wengi, ya fahari ya mfalme na bendera. Sababu yangu ni ile ya 1871. Basotho wamewahi kuingizwa mahali bila kuulizwa, na waliweza kutoka kwa sababu walikuwa bado wana bunduki na machifu wao. Wakiingia sasa watakuwa watu milioni mbili ndani ya zaidi ya milioni sitini, na safari hii hakuna London ya kuwapokea wakijuta. Tangu 2016 Afrika Kusini imekuwa ikitoa kibali maalumu kwa Basotho wanaoishi na kufanya kazi huko. Hicho kipanuliwe, foleni ya daraja la Maseru ipungue, bibi wa upande huu aongezewe pensheni, halafu ndipo watu waulizwe kwa kura.

Mwalimu mlezi wa chama amekubali hoja hii ijadiliwe Ijumaa ya pili ya muhula ujao: "Lesotho ijiunge na Afrika Kusini." Nitakuwa upande wa wapinzani. Bado tunahitaji msemaji wa tatu, na anayetaka anione Kidato cha Tatu Mashariki wakati wa chakula cha mchana.